Nyerere, mzee aliyetaka watu waongee mpaka wasikilizane

Wakaaji wa Uvira na wa bonde la Ruzizi wenye umri wa miaka 40 na zaidi hawahitaji kitabu ili kukumbuka mwezi wa 10 mwaka 1993. Ndugu zetu Warundi walivuka mpaka kwa maelfu, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Raisi Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na raia mwezi wa 6 mwaka ule ule, alikuwa ameuawa na askari tarehe 21. Vita ilianza, na kabla haijazimika inakadiriwa iliua watu 300,000.

Kazi ya kuwakalisha Warundi kwenye meza moja ilipewa baadaye mzee mmoja wa miaka 73. Wengi wetu tunamjua kwa mambo mengine: uhuru wa Tanganyika, ujamaa, vita ya kumfukuza Idi Amin. Leo hatuelezi maisha yake yote. Tunamwangalia Julius Kambarage Nyerere kwa upande mmoja tu, ule wa mtu wa kupatanisha. Kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Kwa sababu sisi wa mashariki tunasikia kila mwaka kwamba wajumbe wamepanda ndege tena kwenda kuongea katika mji fulani wa mbali. Wanarudi, karatasi inasomwa redioni, na risasi zinaendelea. Watu wanauliza: mazungumzo yanasaidia nini? Maisha ya mzee huyu yana jibu, lakini si jibu la kumsifu tu.

Nyerere alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma, mashariki ya ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki, ni kusema mtu wa cheo kinachofanana na mwami kwetu. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Nyumba ya namna hiyo ni shule ya kwanza ya masikilizano. Mwenye akili anajifunza mapema kwamba ugomvi wa watoto wawili ni ugomvi wa mama wawili pia, na kwamba wote watakuwa kwenye uwanja ule ule kesho asubuhi.

Tena Wazanaki walikuwa kabila dogo ambalo zamani halikuwa na mkubwa mmoja wa kuamuru wote. Uchifu wenyewe uliletwa na wakoloni. Kabla yao, na hata wakati wao, neno zito lilikuwa la wazee. Nyerere aliandika mara nyingi, alipokuwa mtu mzima, juu ya wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuongea mpaka wanasikilizana. Hakuna kupiga kura ili wengi wawashinde wachache. Anayekataa anasikilizwa tena, hata kama jua limezama. Kwake yeye, hiyo njo ilikuwa demokrasia ya Kiafrika.

Alianza shule akiwa na miaka 12 pale Musoma, akapita Tabora, akaenda Makerere katika Uganda, kisha Edinburgh kule Scotland, na alirudi na digrii yake mwaka 1952. Alikuwa mwalimu, na jina la Mwalimu lilimbakia mpaka kaburini. Tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha TANU. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1961.

Kiongozi wa inchi mpya alikuta tatizo ambalo sisi Wakongomani tunalijua vizuri. Serikali ya wakoloni iliacha tribinali za namna mbili: za wazungu na sheria zao zilizoandikwa, na za machifu na desturi za kila kabila. Mwaka 1963 Nyerere, mtoto wa chifu, alifuta kazi ya machifu. Mwaka ule ule tribinali za inchi ziliunganishwa katika mfumo mmoja, kuanzia mahakama ya mwanzo inayokaa karibu na raia.

Lakini kumwondoa chifu ni jambo moja. Ugomvi wa shamba na wa ndoa hauondoki naye. Mwananchi wa kijijini anaogopa tribinali. Iko mbali, inataka makaratasi, na kule mmoja anashinda na mwengine anashindwa. Wakirudi nyumbani bado wanachota maji kwenye kisima kimoja. Kwa hiyo, tangu mwaka 1969, Tanzania ilianza kuweka mabaraza ya usuluhishi karibu na wananchi. Wanaokaa humo si majaji wala avoka. Ni watu wa pale pale wanaowajua wagombanaji wote wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwenda mbele zaidi. Ilisema kila kata iwe na baraza la usuluhishi la ndoa. Mume au mke anayetaka talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, anapita kwanza kwenye baraza hilo. Wajumbe wanawasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, baraza linaandika cheti kwamba limeshindwa, na hapo mlango wa tribinali unafunguka. Angalia vizuri namna hiyo ya kazi. Baraza haliwezi kumlazimisha mtu kurudi kwa mwenzake, na halina askari wala jela. Linaweza tu kusikiliza, kuuliza, na mwishoni kusema ukweli kwamba imekubalika au imekataa. Mwaka 1985, mwaka ambao Nyerere aliacha uraisi kwa hiari yake, sheria nyengine ilianzisha mabaraza ya kata ya kusuluhisha ugomvi mdogo wa kila siku.

Tusimfanye malaika, lakini. Mtu aliyesifu wazee chini ya mti ndiye aliyesimamia miaka ya kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Wengi walihamishwa kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970, nyumba zao za zamani zikaharibiwa, na hakuna aliyekaa nao mpaka wasikilizane. Alikuwa na chama kimoja tu, na waliompinga wengine waliwekwa kizuizini bila kesi. Na alipovamiwa yeye mwenyewe, hakuwa na haraka ya kupatanishwa. Mwezi wa 11 mwaka 1978 Idi Amin alitangaza kwamba ameichukua sehemu ya Kagera. Umoja wa Inchi Huru za Afrika ulitaka pande mbili zisimamishe vita. Nyerere alikataa kuwekwa kwenye mzani mmoja na mvamizi. Alitaka kwanza Amin ahukumiwe mbele ya wote. Jeshi lake lilifika Kampala mwezi wa 4 mwaka 1979.

Jambo hilo lina maana kwa yale yaliyofuata. Alijua, si kwa vitabu, hasira ya mtu anayeambiwa apatane na aliyemchomea nyumba.

Tufike sasa Burundi. Baada ya kifo cha Ndadaye, wakubwa wa eneo la Maziwa Makubwa walikutana Kairo mwishoni mwa mwaka 1995, halafu Tunis mwanzoni mwa mwaka 1996. Pale jina la Nyerere lilikubalika. Alikuwa ameacha uraisi miaka 10 iliyopita na hakuwa na jeshi, wala benki. Alikuwa na jina lake, uzee wake, na uzoefu wa kuongea na watu wa kila namna.

Mwezi wa 4 mwaka 1996 aliwaita Mwanza, kando ya ziwa, wajumbe wa vyama viwili vikubwa, FRODEBU na UPRONA. Walirudi tena mwezi wa 6. Matokeo yalikuwa madogo. Kisha mwezi wa 7 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu ya jeshi. Siku sita baadaye wakubwa wa inchi za jirani walikutana Arusha na wakaifungia Burundi njia za biashara. Ile embargo, Nyerere aliiunga mkono.

Hapa njo tunakuta kosa ambalo wasuluhishi wengi wanalifanya, ama tuseme mtego ambao wengi wanaukanyaga. Mtu anaweza kushika fimbo au kushika mizani. Akishika vyote viwili, anayepigwa haiamini mizani. Serikali ya Buyoya na vyama vya Watutsi vilimwona Nyerere kama mtu wa upande mwengine. Walikumbusha kwamba inchi yake ndiyo iliyokaribisha wakimbizi wengi Wahutu, na kwamba waasi walipata nafasi humo. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba serikali na waasi wa CNDD walikuwa wanaongea kwa siri Roma, kwa msaada wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Nyerere alipopanga mkutano Arusha mwezi wa 8 mwaka ule, serikali haikuja. Na embargo yenyewe ilipandisha bei ya mafuta kwa raia wa kawaida, huku wenye magendo wakijaza mifuko.

Wenye kumtetea wanasema kwamba bila ile fimbo, Buyoya asingekuja mezani kamwe. Inawezekana. Lakini imani iliyovunjika ilimgharimu mzee karibu miaka miwili.

Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 1998, hatimaye, pande 17 zilikaa Arusha: serikali, bunge, vyama vya Wahutu, vyama vya Watutsi, na vikundi vya waasi. Baadaye zilifika 19. Namna alivyopanga kazi inafaa kujulikana na kila mtu anayesuluhisha, hata kama ni ugomvi wa mipaka ya mashamba katika localité.

Kwanza, hakuanza na swali la nani atakuwa raisi. Kazi iligawanywa katika kamisheni. Ya kwanza ilipewa swali gumu kuliko yote: ugomvi huu ni wa namna gani, na ulianza wapi? Warundi walilazimika kuelezana, mbele ya wengine, mauaji ya mwaka 1972, mauaji ya mwaka 1993, na miaka ya kubaguana katika jeshi na shule. Kamisheni nyengine zilichukua demokrasia na utawala, amani na usalama, na ujenzi wa inchi pamoja na kurudi kwa wakimbizi. Ya mwisho iliuliza nani atahakikisha kwamba yaliyoandikwa yanafanyika.

Pili, wenye kuongoza kamisheni hizo walitoka mbali: Msumbiji, Afrika ya Kusini, Italia, Austria. Hivyo, aliyemshuku Nyerere angeweza kuongea na mwengine bila kutoka nje ya nyumba.

Tatu, hakukimbiza watu. Duru moja ilikwisha, wajumbe wakarudi kwao, wakaitwa tena. Wafadhili wa Ulaya na Marekani waliolipa hoteli na posho walinung'unika juu ya muda na juu ya pesa, na hawakukosea kabisa. Kuna wajumbe waliozoea posho kuliko amani. Sisi pia tumeona watu wa namna hiyo. Mwezi wa 1 mwaka 1999 inchi za jirani zilisimamisha embargo, na mazungumzo yakapumua.

Lakini kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakikuwa na mtu. Mwezi mmoja kabla ya Arusha kufunguliwa, CNDD ilikuwa imepasuka. Léonard Nyangoma alibaki na jina na nafasi mezani. Wapiganaji wengi walimfuata Jean-Bosco Ndayikengurukiye katika tawi lililoitwa CNDD-FDD. Nyerere alikataa kuwakaribisha. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na maana, kwamba ukimpa kiti kila anayejitenga na mkubwa wake, kesho utakuwa na vikundi 100. Kundi la FNL nalo, upande wa wapiganaji wake, lilikuwa nje. Ni kusema: ndani ya ukumbi watu waliongea juu ya kusimamisha vita, na waliokuwa wanapigana kweli hawakuwa ndani. Katika duru ile ya kwanza ilikubaliwa kwamba silaha zinyamaze kuanzia tarehe 20 mwezi wa 7. Hazikunyamaza.

Wakaaji wa Fizi na wa Uvira wanajua matokeo yake, kwa sababu vita ile haikuheshimu mpaka. Wapiganaji wa Burundi walipita katika milima yetu, na ikachanganyika na vita yetu wenyewe tangu mwaka 1998.

Nyerere hakuona mwisho. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu, na aliendelea na kazi ya Arusha mpaka mwili ukakataa. Alikufa London tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1999, akiwa na miaka 77, na akazikwa kwao Butiama. Mwezi wa 12 wakubwa wa eneo walimchagua Nelson Mandela aendeleze. Mandela alikuja na mwendo mwengine. Aliwakemea wanasiasa wa Burundi hadharani, akaharakisha, na akatafuta wenye silaha ili waingie. Tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 2000, Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilikawia wiki chache.

Yaliyoandikwa yalikuwa makubwa. Jeshi halitakuwa na watu zaidi ya nusu kutoka kabila moja. Baadaye ilikubaliwa pia kwamba serikali ya mpito itakuwa ya miaka 3, Mtutsi akiongoza nusu ya kwanza na Mhutu nusu ya pili. Na hayo yalifanyika: Buyoya alikabidhi madaraka kwa Domitien Ndayizeye mwezi wa 4 mwaka 2003. Lakini vita haikusimama siku ya sahihi. Ilipungua sana tu pale CNDD-FDD, wale wale walionyimwa kiti, walipokubaliana na serikali mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka 2005 kiongozi wao Pierre Nkurunziza alikuwa raisi. FNL ilikawia tena miaka kadhaa. Na mwaka 2015, Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, wapinzani wake walisimama na karatasi ya Arusha mkononi wakisema inakataza. Damu ilimwagika tena, wakimbizi walivuka tena, na kambi ya Lusenda ilifunguliwa kule Fizi.

Basi, mzee alishinda ama alishindwa? Swali hilo linaulizwa kama vile kupatanisha ni mechi ya mpira. Angalia kitu kimoja. Mwaka 1993 Warundi waligombana wakiwa makabila mawili yanayoogopana kufa. Mwaka 2015 waliogombana walikuwa na Wahutu na Watutsi katika pande zote mbili, na kiini cha ugomvi kilikuwa maneno ya mapatano. Mtu anayegombana juu ya karatasi amekubali kwamba karatasi ile ina nguvu. Hiyo ni kazi ya miezi mingi ya Arusha, yenye kuchosha na yenye gharama, iliyoanza na mzee ambaye hakufika siku ya sahihi.

Kosa lake nalo ni somo letu. Aliyejifunza utotoni kwamba anayekataa asikilizwe tena, aliwaacha nje watu wenye bunduki, na raia walilipa miaka mitatu zaidi. Wengine watasema kumpa kiti kila mwenye silaha ni kuwalipa wauaji, na sisi wa Ituri na wa Kivu zote mbili tumeona namna mtu anaenda msituni ili arudi na cheo. Hofu hiyo ni ya kweli. Nyerere alikuwa nayo, na hakupata dawa yake. Hatudanganyi kwamba sisi tunayo.

Lakini kuna maswali ambayo tunaweza kuuliza, iwe ni wajumbe wa inchi wanaopanda ndege ama ni wazee wa barza wanaokutana juu ya shamba moja lenye wenyewe wawili. Anayesuluhisha, anashika fimbo pia? Ugomvi umeelezwa tangu mwanzo wake, ama wamekimbilia kugawana viti? Nani atafuatilia kesho kutwa, wakati wapiga picha wameondoka? Na nani hayuko ndani ya chumba? Hilo la mwisho uliza mara mbili. Halihusu wenye bunduki peke yao. Mara nyingi asiyekuwa ndani ni mama mwenye shamba lililochomwa, na hakuna aliyemtuma mtu amwite.